Kama urithi wetu uko mbinguni, kwa nini Wakristo tunagombania shamba la baba? (Luka 12:13-21)

#1 Katekista_wa_Zamu
Salaam wakuu. Kuna fundisho linasikika sana mimbarini siku hizi: aliyeokoka ni mrithi wa Mungu pamoja na Kristo (Warumi 8:17), kwa hiyo kugawana mali za marehemu ni shughuli ya watu wa dunia, na yeye akae pembeni. Wanaolifundisha wana nguzo mbili. Ya kwanza ni Luka 12, pale mtu alipomwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi, Yesu akakataa kuwa mgawanyi wao. Ya pili ni Walawi katika Hesabu 18:20-24: hawakupewa nchi, Bwana mwenyewe ndiye fungu lao.

Wanaoachia haki zao kwa fundisho hili mara nyingi ni wajane na mabinti. Wanaobaki na mashamba ni kaka zao, ambao wengine hata ibadani hawaonekani. Je, fundisho hili linasimama? Naomba hoja yenye andiko, historia au sheria.

#2 Kinubi
Linasimama, mkuu. 1 Petro 1:4, urithi usioharibika, usio na uchafu, usionyauka. Waebrania 10:34, waamini walinyang'anywa mali zao wakapokea kwa furaha kwa kuwa walijua wana mali iliyo bora na idumuyo. Na 1 Wakorintho 6:7, Paulo anauliza kwa nini msikubali kudhulumiwa. Mstari huo peke yake unamaliza kesi zote za mashamba.

#3 Torati_na_Manabii
Kinubi, hujafika mwisho wa sura. Mstari wa 5 Paulo anauliza kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao awezaye kuamua neno la ndugu. Hakusema shauri lisisikilizwe, alitaka lisikilizwe ndani ya kanisa badala ya mbele ya wasioamini. Na mstari wa 8 unamgeukia anayedhulumu. Ukimsomea mjane mstari wa 7, msomee kaka yake wa 8 siku hiyohiyo. Waebrania 10 nayo inahusu mateso: walionyang'anya walikuwa watesi wa nje, siyo ndugu wa tumbo moja.

Sasa Luka 12. Yule mtu hakuomba jambo lisilo na kanuni. Kumbukumbu la Torati 21:17 ilikwisha kupanga: mzaliwa wa kwanza anapata mafungu mawili, wengine moja moja. Mashauri ya namna hiyo yalikuwa na wazee na waamuzi wake. Yesu alikataa kukaa kwenye kiti kile; hakuifuta Torati iliyompa yule mtu fungu lake. Onyo la mstari wa 15 kuhusu choyo limesemwa kwa wingi, "jilindeni", na Luka hatuambii ni nani kati ya wale wawili aliyekuwa mchoyo. Aliyeng'ang'ania vyote anaweza kuwa ndiye. Wahubiri wengi humhukumu anayedai na kumwacha anayeshikilia.

#4 Mgeni_wa_Kitaa
Samahani, hayo mafungu mawili yanahesabiwaje? Nusu ya mali yote, au?

#5 Torati_na_Manabii
Hapana. Unahesabu wana wa kiume, unaongeza moja, ndipo unagawa. Wana 5, mafungu 6. Mzee akiacha ng'ombe 60, kila fungu ni ng'ombe 10. Wa kwanza anachukua 20, wale wanne 10 kila mmoja. Wana 2, mafungu 3: mkubwa theluthi mbili, mdogo theluthi moja. Kwa hiyo mwana mpotevu wa Luka 15, hesabu ikienda kwa Torati, aliondoka na theluthi.

Inapoharibika ni penye wake wawili. Torati iliona hilo mapema: Kumbukumbu 21:15-16 inamkataza baba kumpa haki ya kwanza mtoto wa mke anayempenda ilhali mzaliwa wa kwanza ni wa mke asiyependwa. Fungu hilo halikuwa zawadi ya mapenzi, kwa hiyo baba hakuruhusiwa kulihamisha kwa sababu ya chuki za nyumbani.

#6 Vazi_la_Eliya
Hapo #5 umenifungulia kitu. Elisha aliomba sehemu maradufu ya roho ya Eliya (2 Wafalme 2:9). Tumezoea kufundishwa kuwa aliomba nguvu mara mbili ya za bwana wake, na watu wanahesabu hadi miujiza.

#7 Torati_na_Manabii
Ndiyo, aliomba fungu la mzaliwa wa kwanza. Wana wa manabii walikuwa wengi, yeye akaomba atambuliwe kama mrithi mkuu wa huduma. Angalia Elisha alivyolia wakati Eliya alipochukuliwa: "Baba yangu, baba yangu". Anayehesabu miujiza amehamisha hoja kutoka nafasi ya mrithi kwenda kwenye kipimo cha nguvu.

#8 Kinubi
Nakubali hesabu zenu. Ila hamjagusa nguzo ya pili. Kabila zima la Lawi halikupata nchi, na 1 Petro 2:9 inasema sisi sote ni ukuhani wa kifalme. Kama sisi ni makuhani, basi sheria ya makuhani ndiyo yetu: Bwana ni fungu letu.

#9 Shemasi_Mwandamizi
Kinubi, Walawi hawakuachwa mikono mitupu. Fungu lao liliandikwa kwa vipimo:

Zaka yote ya Israeli ilikuwa urithi wao (Hesabu 18:21), nao wakatoa zaka ya hiyo zaka kwa makuhani (18:26). Makabila yakiwapelekea magunia 100, wao walipeleka 10 kwa Haruni na kubaki na 90.
Walipewa miji 48, sita kati yake ya makimbilio (Hesabu 35:6-7).
Kila mji ulikuwa na malisho kuuzunguka, dhiraa 1,000 kutoka ukutani (Hesabu 35:4). Mstari unaofuata unataja dhiraa 2,000 kila upande.
Nyumba zao mijini zilikombolewa wakati wowote. Mwisraeli wa kawaida aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta alikuwa na mwaka mmoja tu (Walawi 25:29-34). Malisho yao hayakuuzwa kabisa.

Watu wasio na nchi walikuwa na ulinzi wa makazi kuliko wenye nchi. Anayemwambia mjane aishi kama Mlawi na ampatie kwanza hivyo vyote.

#10 Torati_na_Manabii
Naongezea kwa Shemasi. Yeremia alikuwa wa ukoo wa makuhani wa Anathothi, na sura ya 32 inaonyesha akinunua shamba la Hanameli, mwana wa ami yake, kwa haki ya ukombozi. Alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akatia sahihi mbele ya mashahidi, ikawa hati ya kununua yenye muhuri pamoja na ile iliyo wazi, zote mbili zikatiwa chomboni zipate kukaa siku nyingi. Mji ulikuwa umezingirwa na Wababeli, yeye mwenyewe kifungoni. Na Barnaba wa Matendo 4:36-37 alikuwa Mlawi, naye alikuwa na shamba, ndilo aliloliuza.

#11 Kinubi
Barnaba yuko upande wangu, mkuu. Aliliuza!

#12 Shemasi_Mwandamizi
Aliliuza lililokuwa lake, kwa hiari. Sura inayofuata (5:4) Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilipokuwa kwake kilikuwa mali yake, na hata kilipouzwa thamani yake ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa uongo kuhusu bei. Huwezi kutoa kwa hiari kitu ambacho umekatazwa hata kukidai.

#13 Msomi_wa_Mababa
Niliuona uzi nikaona hoja inaruka kutoka mitume hadi leo, kana kwamba katikati hapakuwa na Wakristo. Swali hili lilijadiliwa sana zamani, na majibu hayakuwa mamoja.

Upande wa Kinubi yupo Antoni wa Misri, mtawa wa jangwani (mnamo 251 hadi 356). Kwa simulizi ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, wazazi wake walipokufa walimwachia yeye na dada yake arura 300 za ardhi nzuri. Arura moja ni karibu mita za mraba 2,750, kwa hiyo tunazungumzia takribani hekta 82, ekari 200 hivi. Aliposikia Mathayo 19:21 ikisomwa kanisani aliwagawia wanakijiji ile ardhi. Lakini angalia hatua zake: ardhi ilikwenda kwa wanakijiji ili isimsumbue yeye wala dada yake, vitu vinavyohamishika aliviuza akawapa maskini, akabakiza kidogo kwa ajili ya dada. Baadaye akatoa hata kile kidogo, baada ya kumkabidhi dada kwa mabikira waaminifu wamlee. Hakuna hatua ambayo dada alisahaulika.

Kisha sheria za dola ya Kirumi. Mwaka 321 mfalme Konstantino aliruhusu mtu yeyote kuliachia Kanisa mali kwa wosia. Haikuchukua hata miaka 50: mwaka 370 mfalme Valentiniano alipiga marufuku makleri (mapadre na watumishi wengine wa Kanisa) kuingia nyumba za wajane na mayatima, na kupokea chochote kutoka kwa wanawake hao kwa zawadi au wosia. Jeromu, padre na mtafsiri wa Biblia, aliandika kwamba haombolezi kuwekwa kwa sheria ile, anaomboleza kwamba wao makleri walistahili kuwekewa.

Wa tatu ni Augustino, askofu wa Hipo. Padre wake Januari aliishi katika nyumba ya watu wasio na mali binafsi, kumbe alikuwa na fedha, akidai ni ya binti yake. Alipokaribia kufa aliandika wosia akaliachia kanisa, huku ana binti na mwana, wote wawili monasterini. Augustino aliukataa urithi ule mbele ya waumini (ni hotuba ya 355, majira ya 425 hadi 426), akasema anayetaka kumnyima mwanawe urithi ili kulifanya kanisa mrithi, atafute mwingine wa kumpokea, siyo Augustino. Akamsifu Aurelio, askofu wa Karthago: mtu asiye na watoto aliliandikia kanisa mali yake yote akibakiza matumizi tu, baadaye akapata watoto, na askofu akamrudishia yote bila kuombwa. Ushauri wa Augustino kwa mwenye watoto ulikuwa amhesabu Kristo kama mtoto mmoja zaidi. Wana wawili, Kristo wa tatu, naye apewe fungu lake kupitia maskini.

#14 Mgeni_wa_Kitaa
Aisee. Huyo Aurelio leo angeitwa askofu asiye na maono.

#15 Vazi_la_Eliya
Msomi asante. Ila hoja ya Januari ina ncha mbili. Augustino alikataa kwa sababu Januari alivunja ahadi ya kutokuwa na mali, au kwa sababu ya watoto?

#16 Msomi_wa_Mababa
Zote mbili ziko katika hotuba, mkuu. Kosa la kwanza ni uongo wa maisha yake. La pili, watoto walianza kugombania ile fedha, na Augustino aliahidi kuwapatanisha. Kwa hiyo pale askofu alikubali kiti ambacho Yesu alikikataa. Maaskofu wa zama zile walisikiliza mashauri ya mali mara kwa mara, na Augustino mwenyewe alilalamika jinsi yalivyomla muda.

#17 Wakili_Kijiweni
Amani kwenu. Mnajadili vizuri, ila aliyeuliza ametaja wajane na mabinti, na hao wanaishi chini ya sheria. Kwa Tanzania Bara, kuwa Mkristo hakukupeleki moja kwa moja kwenye sheria fulani ya mirathi. Mahakama huangalia maisha ya marehemu na nia yake. Aliyeishi kimila hupimwa kwa Sheria ya Mila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Aliyeachana na maisha ya kimila hupimwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ndiyo, ileile ya enzi za Malkia Victoria.

Tofauti yake kwa asiye na wosia ni hii. Kwa ile ya 1865, mjane anapata 1/3 na watoto 2/3, bila kujali wa kike au wa kiume. Hakuna watoto lakini kuna ndugu wa marehemu, mjane ana 1/2. Kwa ile ya 1963, warithi wako katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza, kisha wana wengine, mwisho mabinti, na mjane hana fungu ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo, anategemea watoto wake wamtunze. Kwa hiyo mabinti wanaoambiwa kanisani waachie, wengi wao sheria ya mila ilikwisha kuwaweka daraja la mwisho. Mhubiri anamalizia kazi.

Bukoba kuna shauri la Bernado Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mama huyu alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mtoto wa kaka yake akashtaki kwamba mwanamke hana mamlaka hayo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi ule unapingana na Katiba. Wosia wa baba ndio uliompa mama yule pa kuanzia.

#18 Kinubi
Wakili, nakuheshimu sana, lakini swali ni la imani. Sheria ya mwaka 1865 haitanihukumu siku ya mwisho.

#19 Shemasi_Mwandamizi
Kweli haitakuhukumu. Ila 1 Timotheo 5:8 ipo: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Na 2 Wakorintho 12:14, wazazi ndio wanaowawekea watoto akiba. Kufa bila wosia huku ukijua mkeo hatapata kitu kwa mila ya kwenu ni kumwacha bila matunzo.

#20 Dada_Sabuni
Hizi zote mbili za Shemasi zinahusu matunzo ya aliye hai. Mzazi anaweza kutimiza kwa kusomesha watoto na kumjengea mkewe, akafa bila hata kiwanja. Mithali 13:22 ndiyo inayosema mtu mwema huwaachia wana wa wanawe urithi. Wajukuu, siyo watoto tu.

#21 Vazi_la_Eliya
Na nusu ya pili ya mstari huohuo, mali ya mkosaji huwekwa akiba kwa mwenye haki. Huo ndio urithi wetu wa sasa. Marko 10:30, mara mia sasa wakati huu, nyumba na mashamba.

#22 Torati_na_Manabii
Mtumishi, Marko 10:30 inaendelea: "pamoja na udhia". Na orodha ile ina mama na watoto mara mia. Hakuna anayesubiri mama mia wa kumzaa, kila mtu anaelewa ni jamaa ya waamini. Basi nyumba na mashamba yaeleweke vivyo hivyo: milango mia iliyo wazi kwako kwa sababu ya undugu. Kuhusu mali ya mkosaji, methali inaeleza njia ya Mungu katika kuongoza mambo, haimpi mtu hatimiliki ya kiwanja cha jirani. Nabothi alikuwa na urithi wa baba zake, na aliyepanga anyang'anywe kwa kisingizio cha kidini, mfungo ukatangazwa na mashahidi wa uongo wakapangwa, alikuwa Yezebeli (1 Wafalme 21).

#23 Mchanga_wa_Ziwa
Mimi naona nyote, Kinubi na wapinzani wake, mmekubaliana kimyakimya kwamba urithi wa kiroho maana yake mbinguni na urithi wa duniani maana yake udongo. Biblia haigawi hivyo. Mathayo 5:5, wapole watairithi nchi, kutoka Zaburi 37:11. Warumi 4:13, Ibrahimu aliahidiwa kuwa mrithi wa ulimwengu. Warumi 8, sura ileile ya "warithi pamoja na Kristo", mistari miwili mitatu mbele viumbe vyote vinangoja kuwekwa huru, na miili yetu ikombolewe. Ufunuo 21 mji unashuka. Petro anasema urithi umetunzwa mbinguni, na kitu hutunzwa mahali salama mpaka siku ya kukabidhiwa. Waefeso 1:14 inamwita Roho arabuni ya urithi huo, yaani sehemu ya malipo imetangulia na iliyobaki inakuja.

Kama ni hivyo, jinsi unavyomtendea dada yako kwenye ekari mbili za baba ni sehemu ya kujifunza kurithi nchi. Mpole wa Zaburi 37 ni mtu aliyedhulumiwa ardhi na waovu. Zaburi yote inamwambia asikasirike kwa kuwa Mungu atamrudishia. Kumsomea mdhulumiwa zaburi hiyo ili aachie moja kwa moja ni kuigeuza kichwa chini.

#24 Kinubi
Mchanga, hapo umenipa kazi. Bado nina Waebrania 11:13-16, wageni na wasafiri juu ya nchi, wanaitamani nchi iliyo bora, yaani ya mbinguni. Ibrahimu aliishi hemani katika nchi ileile ya ahadi.

#25 Mchanga_wa_Ziwa
Na bado alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400, mbele ya watu wote waliopita mlangoni pa mji (Mwanzo 23). Kwa ajili ya kaburi la mkewe.

#26 Mgeni_wa_Kitaa
Wakuu niwatoe kidogo. Kuna laana za kurithi je? Watu wanalipishwa kuvunja laana za ukoo kabla ya kugusa shamba la babu.

#27 Dada_Sabuni
Ezekieli 18 yote. Mwana hatachukua uovu wa baba. Na 1 Petro 1:18, tumekombolewa katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu, tena si kwa fedha wala dhahabu. Mstari huo unatosha kumjibu anayetaka kiasi fulani ili akuvunjie. Laana inayoonekana kwenye mashamba mengi ni mirathi iliyolala miaka 20 bila msimamizi. Tafadhali tusihamie huko, uzi utapotea.

#28 Wakili_Kijiweni
Namuunga mkono dada. Nirudi kwenye huduma, kwa sababu urithi wa kiroho na wa mali hugongana vibaya zaidi hapo. Mchungaji anaanzisha huduma, waumini wanachanga, kiwanja kinanunuliwa kwa jina lake. Akifariki, hati inamtaja yeye, na mahakama inakisoma kama mali ya marehemu. Watoto wanarithi jengo la ibada. Huku wazee wa kanisa wanasema vazi limemwangukia mchungaji msaidizi, kama la Eliya lilivyomwangukia Elisha. Vazi lake, kiwanja cha watoto.

Kinga ipo mapema: kanisa lisajili bodi ya wadhamini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318, na kiwanja kiandikwe kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa. Mikataba ya mauziano itaje wadhamini kuwa mnunuzi. Stakabadhi za michango zitunzwe. Mkiwa tayari mmeandika jina la mchungaji, hamisheni akiwa hai na akili timamu; akishakufa mnakuwa wadai wa mirathi kama mdai mwingine yeyote.

#29 Msomi_wa_Mababa
Wakili, suala hilo lina mfano wa zamani. Wafransisko, watawa wa shirika la Fransisko wa Asizi, walitaka kuishi bila kumiliki kitu, hata kwa jumuiya. Mwaka 1279 Papa Nikolao III alikubali mpango: umiliki ubaki kwa Papa, wao wawe na matumizi tu. Mwaka 1323 Papa Yohane XXII akatamka kuwa ni uzushi kusisitiza kwamba Kristo na mitume hawakumiliki kitu chochote, binafsi wala kwa pamoja. Swali la Kinubi liliwahi kugawa shirika zima.

#30 Novisi_wa_Kale
Kwa Wakatoliki leo kanuni iko wazi. Kanuni 668 ya Sheria ya Kanisa ya 1983: mtawa kabla ya nadhiri za kwanza anakabidhi usimamizi wa mali zake kwa mtu anayemchagua, na kabla ya nadhiri za daima anaandika wosia unaotambulika pia kiserikali. Baada ya hapo anachopata kwa juhudi zake ni cha shirika. Padre wa jimbo hana nadhiri ya ufukara, anaweza kumiliki shamba na kulirithisha. Watu huchanganya hao wawili, ndugu wakaenda kudai gari la shirika, au parokia ikashikilia shamba la padre wa jimbo alilorithi kwao.

Angalia basi: hata anayeacha vyote kwa ajili ya Ufalme, Kanisa linamtaka aandike wosia.

#31 Katekista_wa_Zamu
Nashukuru wote, nimejifunza mengi. Wakili, tuseme muumini mwenye watoto anataka kuliachia kanisa sehemu ya mali yake. Afuate nini ili isije ikawa Korbani ya Marko 7, mtu kutoa kwa Mungu kile alichopaswa kuwatunzia wazazi?

#32 Wakili_Kijiweni
Kwa anayeangukia sheria ya 1865, soma kifungu cha 105 kabla ya kusoma kingine. Mwenye mpwa au ndugu wa karibu zaidi ya hapo hawezi kuachia mali matumizi ya dini au ya hisani, isipokuwa wosia uwe umeandikwa miezi 12 au zaidi kabla ya kifo, na uwe umewekwa ndani ya miezi 6 tangu kuandikwa mahali pa kisheria pa kutunzia wosia za walio hai. Kanuni hiyo ilitungwa dhidi ya wosia za kitandani, kasisi akiwa pembeni. India wenyewe walifuta kifungu kinachofanana nacho mwaka 2003. Wosia wa "naliachia kanisa nyumba", ulioandikwa wiki moja kabla ya kufa na kuwekwa kwenye droo ya mchungaji, una hatari ya kuanguka hapo.

Mengine yanayoangusha wosia: ndoa mpya baada ya kuandika, kwa sheria hiyo wosia wa awali unafutika. Kwa wosia wa mila, ulioandikwa unataka mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kama mwenye wosia anajua kusoma; kama hajui, wanne, wawili na wawili. Wa mdomo, wanne. Na kumnyima mtoto urithi kwa mila kunahitaji sababu iliyotajwa, kama kumjeruhi vibaya mzazi au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa. "Hakuokoka" haimo.

Na nyumba ya ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuitoa kwa mauzo, zawadi au rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kuipeleka madhabahuni ni zawadi.

#33 Nyali_Kwetu
Kutoka Kenya: kwetu Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Una uhuru wa kuandikia kanisa, lakini kifungu cha 26 kinamruhusu mtegemezi aliyeachwa bila fungu la kutosha kuomba mahakama imkatie, na aombe kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Mabinti huchelewa hapo, wanangoja kaka aongee nao, hati inathibitishwa, wanakuja wakati mlango umefungwa.

#34 Kinubi
Nimesoma yote. Nashikilia kwamba mtu akiachia kwa hiari, macho yake yako wazi, hakuna aliyemshika mkono, hiyo ni imani safi na thawabu yake kubwa. Nitakachoacha ni kumhubiria mtu mwingine aachie.

#35 Dada_Sabuni
Na kaka anayeshikilia je, unamhubiria nini?

#36 Torati_na_Manabii
Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na kuhani wakadai milki ya baba yao. Bwana akasema wamenena haki. Hakuwaambia kwamba yeye ni fungu lao. Ila sura ya 36 iliwawekea sharti la kuolewa ndani ya kabila ili nchi isihame, na hapo wazee wa ukoo hudai kwamba maandiko yako upande wao. Aliye na hoja juu ya sharti hilo alete.

#37 Mchanga_wa_Ziwa
Sharti lile lilifungamana na Yubile na mipaka ya makabila 12. Ezekieli 47:22 tayari hata mgeni anapewa urithi kati ya makabila. Huwezi kubakiza sharti ukatupa Yubile inayorudisha shamba kwa aliyeuza.

#38 Novisi_wa_Kale
Mchanga, na Ayubu 42:15 haikuweka sharti lolote, aliwapa binti zake urithi kati ya ndugu zao. Ila Ayubu hakuwa chini ya Torati, kwa hiyo mzee wa ukoo atakukatalia.

#39 Katekista_wa_Zamu
Swali dogo la mwisho kwa Wakili. Mchungaji anaweza kuwa shahidi wa wosia?

#40 Wakili_Kijiweni
Anaweza, kama hakuna alichoandikiwa yeye wala mkewe. Kwa sheria ya 1865 shahidi aliyeachiwa kitu, au mwenzi wake, anapoteza kile alichoachiwa, wosia wenyewe ukibaki. Kenya zawadi hiyo inaokoka tu ikiwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Kanisa likiandikiwa fungu, tafuteni mashahidi wawili wasio viongozi wa kanisa hilo, wakae chumba kimoja na mwenye wosia, na wosia wenyewe upelekwe RITA ndani ya ile miezi 6.